Chini ya Mtulinga

Watu wakitazama zile filamu za zamani huniuliza wanawake wa enzi hizo walikuwa wanakula nini hata ngozi zao zikawa laini vile. Walikuwa wanakula kahawa na sigara, kama sisi. Corinne Adair, nyota wa studio yetu, alikuwa na makovu ya tetekuwanga na mifuko chini ya macho. Nilikuwepo, nimeyaona. Soksi ya hariri ilivutwa nyuma ya lenzi, taa ndogo ikawekwa karibu na jicho la kamera ifute kila kijishimo, vipande vya utepe vikabandikwa kando ya masikio vivute mashavu nyuma, vikafichwa na nywele. Halafu rangi, nzito kama siagi.

Na kabla Corinne hajakanyaga pale, alisimama Wilma.

Wilma Hruska alikuwa na kimo cha Corinne na weupe wa Corinne. Kazi yake ilikuwa kusimama mahali pa nyota kwa saa mbili tatu, mafundi wakipanga taa ambazo zingekaanga yai. Kisha nyota anakuja, anatabasamu dakika nne, anaondoka. Mkataba wa Wilma ulimkataza kuota jua hata siku moja. Akibadilika rangi, taa zimepangwa bure, naye hana kazi.

Mimi ni Orpha Tackett, mtoto wa Oklahoma, darasa la sita. Haki nilijifunza mwenyewe kwenye vijitabu vya senti tano. Pale studio nilikuwa mpakaji wa mwili. Nasema mwili, maana Hollywood nzima ilijua mpaka wetu: uso na shingo ni vya wanaume wenye kadi ya chama cha wapakaji, mwanamke ashughulike na chini ya mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo. Kidole chako kikivuka mfupa ule, unaandikiwa barua ya onyo. Kila Jumanne nilipanda benchi la kantini nikaitukana sheria hiyo mpaka sauti inakauka. Wasichana walipiga makofi, na Wilma alipiga kuliko wote.

Mwaka wa thelathini na nane zilipokuja filamu za rangi, rangi yetu ya zamani ya uso ikawa inang'aa kama sufuria. Bwana Pell, mkuu wa wapakaji, akachanganya mpya. Hakuthubutu kuianzia kwa Corinne. Aliianzia kwa Wilma.

Siku ya tatu Wilma aliniita nyuma ya pazia.

"Orpha, inaniwasha."

"Nani hawashwi humu? Mimi soksi tu zinanitoa roho."

"Acha utani, shoga. Tazama."

Akafungua joho. Jasho lilikuwa limeteremsha rangi mpaka kifuani, na kila ilipopita pameota malengelenge. Kifuani. Kwenye eneo langu.

"Umemwambia Pell?"

"Anasema nyota wake hawezi kusubiri ngozi yangu iache kudeka. Mwambie wewe. Si wewe ndiye mwenye mdomo?"

"Nitamwambia," nikasema. Halafu, kwa kuwa mafundi walishaanza kuita, nikachukua sponji nikayafunika malengelenge kwa rangi.

Kesho yake shavu la Wilma lilichubuka. Kabla ya chakula cha mchana Pell aliniita chumbani kwake.

"Funga mlango, Orpha." Hajawahi kuniita Orpha. "Chama kimekubali nijaribu mwanamke mmoja kwenye nyuso. Nimekufikiria wewe."

"Mmoja? Kelele zote zile, mmoja?"

"Mmoja akiweza, wengine watafuata. Si ndivyo unavyohubiri?" Akajifuta vidole. "Meneja atauliza habari za Wilma. Mimi nitasema ni jua la Santa Monica. Wewe utasema ulichoona."

Hakunitishia, wala hakuniambia niseme uongo. Ningependa sana kuwaambia alinitishia.

Meneja alituita wote. Wilma alikuja na bandeji shavuni. Alitaka jambo moja tu: ikubalike kwamba ni rangi iliyomwunguza, atibiwe, arudi kazini. Aliniona nikiingia, akatulia kabisa, kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

"Bibi Tackett, wewe ulimpaka mwili. Uliona nini?"

"Uso si wangu, bwana," nikasema. "Mimi ni wa chini ya mtulinga. Na chini ya mtulinga sikuona kitu."

Sheria niliyoitukana kila Jumanne, nikaingia chini yake kama panya.

Wilma alishika kola yake kama anayetaka kuifungua. Akawatazama wale wanaume wawili, akanitazama mimi, mkono ukashuka.

"Basi ni jua," meneja akasema. "Na mkataba uko wazi."

Nilimkimbilia koridoni. "Wilma, nisikilize. Nimefanya kwa ajili ya wasichana wote!"

"Kumbe mimi si msichana?" akasema, bila hata kupandisha sauti, akaenda kuchukua koti lake.

Mchana huo huo Pell aliimwaga ile rangi mpya kwenye sinki, ndoo nzima, akiwa amevaa glavu. Jumatatu nikapewa uso wa Corinne Adair. Alisema mikono yangu ni laini kuliko ya Pell. Mwanamke wa pili sikumwona kwenye kile chumba mpaka siku niliyoacha kazi.

Baada ya miaka saba, wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa studio, mtu aliniambia Wilma yuko Glendale, kwenye duka la dobi. Nilikwenda. Alikuwa kaunta, amegeuza kiti chake ili shavu moja lielekee ukutani, anazungumza na mteja na kumchekesha. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikipanga maneno, mimi ninayehutubia watu mia tano bila karatasi. Mteja akatoka na mashati yake. Wilma akabaki peke yake, mlango wazi.

Sikuvuka.