Pembe ya Loveness

Nasema mapema: mimi Asha sikuomba kuwa kimeng'enya. Sabra, kiongozi wa kundi letu, ndiye aliyenitwika, na kubishana na Sabra ni kutwanga maji kwenye kinu.

Siku ya mashindano ya sayansi Lushoto mjini, kundi letu lilikuwa na nafasi moja tu ya kwenda fainali Dar es Salaam. Wenzetu walisimama uwanjani mistari miwili, wameshikana mikono: hiyo ndiyo DNA. Sisi vimeng'enya tulikaa pembeni na tepe nyekundu, tayari kuitenganisha mistari hiyo na kunakili kila mmoja. Loveness alikuwa RNA, ile ndogo isiyotengeneza protini yoyote. Kazi yake ilikuwa kupuliza pembe ili tuanze, kama kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwetu Mtae, ambako hata ukifika alfajiri na jembe lako, hugusi udongo kabla pembe haijalia.

Na Loveness hakuwepo! Gari alilopanda lilikuwa limekwama kwenye tope njiani.

"Anzeni tu," Mwalimu Martin alinong'ona, jasho likimtoka. "Muda unakwisha!"

Hakuna aliyesogea. Niliuambia mguu wangu uende, ukakataa. Tumelelewa hivyo; msichana anayeanza kabla ya pembe huimbwa kwa kejeli kijijini mpaka aolewe.

Dakta Shukrani, jaji mkuu, mtoto wa Rangwi, jirani zetu wenye msaragambo uleule, aliyesoma mpaka akasahau kucheka, alifunga kalamu yake, akamgeukia Sabra. "Binti, RNA isiyotengeneza protini ni makapi. Kwa nini umeipa nafasi?"

Nilitaka kulia kwa niaba yake. Halafu nikaona macho yake yanawaka.

"Samahani, Dakta. Watazame hawa. DNA ipo. Vimeng'enya vipo. Tepe zipo. Mbona hawaanzi?"

Jaji alitutazama. Alitutazama sana.

"Wanasayansi waliziondoa RNA hizi kwenye majimaji ya seli za binadamu," Sabra aliendelea, sauti ikipanda. "Kila kitu kingine kilikuwepo, lakini kunakili DNA kukagoma kuanza. Walipozirudisha..."

Pembe ikalia!

Loveness alikuwa anapanda kilima mbio, sketi imejaa tope, mashavu yamevimba kwa kupuliza. Mungu wangu, sijui nani alitangulia. Mikono ikaachiana, tepe zikafunguka, tukakimbia kila mtu na mstari wake, tukiutandazia tepe kandokando, huku tukipiga vigelegele, mpaka mistari miwili ikawa minne: DNA mbili, hai, zinacheka! Nilifurahi hadi nikamkanyaga Mwalimu Martin.

Nilipogeuka, majaji wengine wawili walikuwa wamekaa vilevile. Dakta Shukrani alikuwa amesimama, koti ameshalivua, anakunja mikono ya shati. Akajitazama, akashangaa, kisha akaangua kicheko.

"Waandikeni Dar," aliwaambia wenzake, akija upande wetu. "Pembe imelia."