Visigino vya Mikidadi

Miaka thelathini na mmoja Mikidadi aliendesha basi la Gairo, na hakuna aliyewahi kumwona akitembea hatua mia mbili bila kutafuta pa kukaa. Hivyo mjomba wake alipofariki na ukoo ukamchagua yeye kurithi jina, majirani wa Bigwa walicheka chinichini. Katika ukoo wao mrithi huvuka mlima kwa miguu, kutoka mjini hadi kijiji cha mama zao upande wa Matombo, mwendo wa siku tatu. Wazee husema jina halipandi gari. Asipofika kabla Ijumaa ya arobaini haijaisha, jina humwendea anayefuata, na aliyefuata alikuwa Said, mdogo wake.

Mikidadi alilitaka jina lile kuliko kitu chochote. Baba yake alipoondoka nyumbani, mjomba ndiye aliyemlea, akamsomesha udereva, akamwozesha.

Mama mkubwa Mwamvita, aliyeishi kijijini huko, alimwambia kwenye simu avae kandambili zake alizozizoea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanaume akanunua mabuti ya mtumba, ya ngozi, yanayobana kidogo, na muuzaji akamwapia kwamba ngozi hutanuka. Siku ya pili ya safari, Jumapili, kilichotanuka ni miguu. Malengelenge yalijaa visiginoni na chini ya vidole. Akayakwangua kwa wembe, akayapaka mafuta ya breki, dawa wanayoiamini madereva wa zamani. Jioni aliingia kwa magoti katika uwanja wa mkulima mmoja wa kabichi, mama wa makamo aitwaye Yuliana.

Yuliana alimuuliza ukoo wake. Alipoutaja, mama wa watu alikaa chini akacheka mpaka machozi, maana koo zao mbili ni watani tangu enzi za mababu.

"Mtani wangu," alisema, "ukoo wenu mdomo mkubwa, nyayo za kitoto. Na hicho ulichopaka, umeambiwa wewe ni lori?"

Alimtukana hivyo huku anachemsha maji ya chumvi. Aliiosha miguu yake taratibu, akaipaka asali, akaifunga vitambaa safi, akaiinua juu ya gunia la viazi. Mtani mgonjwa hatupwi, alisema, bado anahitajika kuchekwa.

Alfajiri ya Jumanne Mikidadi alibebwa mgongoni na Yuliana hadi mlangoni. Ukungu ulikuwa umelala chini yake, umejaza bonde lote, na mji aliouzoea haukuwapo tena. Kutoka mashamba ya juu walikuja wanawake kwa mstari, matenga ya karoti na kabichi kichwani, wengine miguu mitupu, wakishuka mteremko ambao yeye asingethubutu kuushuka hata kwa kamba. Walikuwa wakizungumza habari za ubatizo. Mmoja alimwamkia bila kugeuza shingo, akazama ukunguni na mzigo wake.

"Wanashuka sokoni," Yuliana alisema. "Jioni watakuwa wamerudi."

Mikidadi aliona aibu, kisha aibu ikamtoka ikabaki heshima tupu. Maisha yake yote alikuwa ameuona mlima huu kupitia kioo cha basi, akadhani ni mawe na miti.

Jumatano kitambaa kilipofunguliwa, aliinama akatazama kwa karibu. Pembezoni mwa kidonda palikuwa na utepe mwembamba wa ngozi mpya, laini, unatambaa kuelekea katikati. Yeye alikuwa mtu wa matairi. Alijua tairi likilika limekwisha, halioti tena hata ulipigie magoti. Na hapa mwili wake mwenyewe ulikuwa kazini usiku na mchana, bila fundi, bila yeye kuuagiza.

"Subhanallah," alinong'ona.

Yuliana akafanya ishara ya msalaba, kisha akamwambia aache kuchezesha vidole.

Zilibaki saa sita za njia, kwa mwendo wa watu wa mlimani. Alhamisi akajaribu. Alifika kwenye migomba na kurudi, na kitambaa cha kisigino kilikuwa chekundu.

"Ukienda utafika," Yuliana alisema, na safari hii hakutania. "Ila mguu huo utakuja kukatwa."

Mikidadi alilia kama alivyolia siku ya msiba. Halafu akampigia Said. "Mdogo wangu, jina chukua wewe. Miguu imeniangusha."

Alichouliza Said ni kimoja tu: yuko kwa nani. Alipojibiwa, akakata simu.

Ijumaa saa tano asubuhi, kwenye mgongo wa mlima wa pili, ulitokea mstari wa watu, kanzu na kanga, wanashuka. Mikidadi alidhani ni mazishi. Mstari ukaingia bondeni, ukapotea, ukaibuka katikati ya kabichi. Walikuwa kama arobaini. Mbele yao alikuwa Mama mkubwa Mwamvita, miaka themanini, miguu mitupu, matope hadi magotini. Mikidadi alitaka kusimama.

"Kaa," alisema bibi kizee, naye akaketi, akaipakata miguu ile mapajani mwake, akaitazama.

"Nilipowaambia wazee kijijini umeshindwa," Said alisema akihema, "mama mkubwa alifunga kanga kiunoni akatoka. Ilikuwa alfajiri. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, tukamfuata."

Mkononi alikuwa na fimbo ya marehemu mjomba wao, ambayo hupewa anayerithi jina. Angeweza kubaki nayo, na hakuna ambaye angemlaumu. Akapiga goti mbele ya kaka yake, akaishika fimbo kwa mikono miwili, akamkabidhi.

"Shikamoo, mjomba."

Mikidadi aligeuka kutazama nyuma yake. Ukuta wa udongo na gunia la viazi tu. Watu arobaini walikuwa wakisubiri, ndipo akaelewa ni nani anayeamkiwa.

"Marahaba," alisema.