Fundi Mara Mbili

Mtaa mzima ulimwita Mara Mbili, na jina hilo alilipata kihalali. Akifunga mlango, atarudi kuusukuma. Akikaza nati, ataikaza tena. Na breki ya mkono ya kila gari lililoingia gereji yake aliivuta mara mbili, tangu siku ile pikapu aliyoiegesha kwa mvuto mmoja ilipoteremka peke yake na kumvunja dada yake mguu. Watu walimcheka. Hao waliocheka hawakuusikia ule mfupa.

Gereji iko juu ya mteremko. Chini kabisa, barabara inapokata kona, ndipo penye chumba cha dada mtu, fundi cherehani. Mlango huwa wazi na meza inatazama juu, ili apate mwanga. Basi kila gari lililojaribiwa pale lilimtazama yeye usoni.

Safari hii lilikuwa gari jekundu la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, lililoundwa kabla fundi hajazaliwa. Mwenyewe alikuwa nesi mstaafu aliyelirithi kwa mumewe. Alisema breki ya mkono haiaminiki.

"Marehemu alikuwa akisema gari hili halipendi mwoga," alimwambia siku ya kulileta. "Nilidhani ni maringo yake tu. Ijumaa saa kumi nalichukua, mwanangu. Nataka kuwapandisha wajukuu."

Wajukuu! Fundi akaanza kazi siku hiyo hiyo.

Alibadilisha waya wa breki. Akafungua magurudumu ya nyuma, akakuta viatu vya breki, vile vinavyobana gurudumu, ni vizima. Akachomoa wenzo wenyewe, ule mkono wa kuvutia, akamulika meno yake na kile kidole cha chuma kinachonasa kwenye meno. Vyote vina makali kama vya jana. Akarudisha. Akavuta huku amebonyeza kitufe cha kwenye ncha ya wenzo, kama alivyozoea, ili meno yasikwaruzane. Wenzo ukanasa. Akaachia kitufe, akavuta tena kwa uhakika. Wenzo ukaanguka chwa! Alirudia mpaka kiganja kikamuuma, na kila mara ulinasa, kisha ukaanguka. "Meno yanateleza," alijiambia, ingawa macho yake yalikataa.

Ijumaa saa tisa aliweka springi mpya, akalitoa gari nje na kulielekeza bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Kisha akateremka mbio kwa dada yake.

"Dada, toka kidogo. Nalijaribu."

"Nitoke niende wapi? Nina suruali ya mtu hapa. Kila siku toka, toka! Kwani mimi kuku?"

Alirudi juu, akaketi nyuma ya usukani. Akavuta, akabonyeza, wenzo ukanasa. Akashuka, akaliondoa jiwe taratibu kama anayemtoa mtoto usingizini. Gari likatulia. Akahesabu hadi mia moja. Halikusogea hata unywele. Moyo ukaanza kumtulia. Basi, kwa mazoea tu, akapitisha mkono juu ya mlango, akauvuta wenzo mara ya pili.

Ukaanguka, na gari likaondoka.

Alilikimbilia, akajitupa ndani kichwa mbele, miguu ikabaki hewani. Aliona zulia, akaona pedali, akazikosa, na wakati wote huo alikuwa akiusikia tena ule mfupa. Akaikandamiza moja kwa mikono miwili. Gari lililia, likasimama.

Alipoinua kichwa, pua ya gari ilikuwa kizingitini. Dada yake alikuwa amesimama nyuma ya meza, ameshika ule mguu mbovu kwa mikono yote miwili. Fundi akalia palepale, mtu mzima na ndevu zake.

"Mara Mbili," dada akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Lilikuwa limesimama. Nilikutazama tangu uliposhika jiwe. Wewe ndiye uliyelifungua."

"Meno yanateleza, Dada."

"Vuta nione."

Akavuta, akabonyeza: ukanasa. Akavuta bila kubonyeza: ukaanguka. Akarudia, polepole sasa, jasho likimdondoka puani. Katika magari yote aliyoyajua, kitufe kilikuwa cha kufungulia. Katika hili kitufe ndicho kilichofunga, na mvuto wa pili ndio uliofungua. Siku zote hizo gari lilikuwa zima, na aliyekuwa akilifungua ni yeye, kwa woga wake.

"Lirudishe juu," dada akasema. "Lielekeze hapa hapa."

"Hapana, Dada. Usinifanyie hivyo."

"Watoto wa watu watapanda hilo. Mimi naogopa kuliko wewe, mguu ni wangu. Nenda."

Alilipandisha. Akavuta mara moja, akabonyeza, akashuka. Jiwe hakuliweka. Mkono wa kulia ukataka kurudi juu ya mlango. Akauficha kwapani, akaubana. Chini kule kulikuwa kimya, kimya kirefu, halafu cherehani ikaanza kulia. Akaketi kando ya barabara, mkono bado kwapani.

Hivyo ndivyo nesi alivyomkuta saa kumi.

"Limepona?"

"Lilikuwa zima, mama." Akamwonyesha kwa kidole, bila kugusa. "Unavuta mara moja. Unabonyeza. Halafu unaacha."

Nesi akaitikia kwa kichwa, akapanda.

"Unaacha, mama," fundi akasema tena.