Chombo Kilichosema

Katika kikundi chao cha maigizo hakuna aliyejua kusema jukwaani ila kwa mizani. Hata mchinjaji akiingia kuuza nyama, alitaja bei kwa vina. Walirithi hivyo kwa waliowatangulia, nao hawakutaka kujifunza kingine. Basi vijana walipowakimbia wakahamia kwenye filamu za anga, kikundi kikakaa kikao. Kikaamua kwamba kama watu wanataka vyombo vya kuruka na watu wa chuma, watapewa, lakini watapewa kishairi.

Wakachagua filamu iliyokuwa midomoni mwa kila mtu, ile ya mtu wa chuma aliyewalinda abiria waliolala miaka na miaka kati ya nyota. Mwishoni nguvu za chombo zinapungua, naye anajizima ili mtoto mmoja afike salama. Kazi ya kuigeuza iwe tenzi akapewa Bi Shimo.

Bi Shimo jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini hilo aliliacha huko juu siku alipoingia shimoni. Alikuwa mnong'onezi. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya jukwaa, mbele ya kidirisha kidogo, na kumnong'onezea maneno aliyesahau. Kidirisha kile kilimwonyesha miguu tu. Waigizaji wote aliwajua kwa magoti na visigino, na akikutana nao sokoni ilimbidi atazame chini kwanza ndipo asalimie.

Miguu aliyoijua kuliko yote ni ya mumewe. Wote walimwita jina moja, Mfalme, kwa kuwa tangu ujana hakucheza kingine. Hata nyumbani akiomba chumvi ungedhani anatangaza vita. Lakini sasa Mfalme alikuwa anapotea kidogo kidogo. Asubuhi aliweza kukaa ukingoni mwa kitanda na soksi mkononi, hajui ni ya nini. Kilichobaki kwake ni mizani. Ukimwanzishia ubeti, uso unafunguka kama dirisha, anausema hadi mwisho, na kwa muda ule anakuwa mtu wake yule yule.

Ndiyo maana maneno ya mkuu wa kikundi yalimchoma Bi Shimo. Mkuu huyo alikuwa mdogo wake Mfalme, kwa hiyo utani ulikuwa halali yao.

"Shemeji," alimwambia siku ya mazoezi ya mwisho, "kaka akinyamaza mbele ya watu, vazi la chuma nampa muuza tiketi."

"Yule mwenye miguu ya kuku? Vazi litatembea lenyewe limwache nyuma."

"Cheka tu. Lakini yule anakumbuka. Jukwaa si hospitali, shemeji."

"Na wewe si daktari. Ungekuwa daktari tungeshazikwa wote."

Bi Shimo alicheka, lakini moyoni alijua. Wakimtoa Mfalme jukwaani, watakuwa wamemtoa mahali pa mwisho anapojijua.

Alasiri ya onyesho ukumbi ukajaa vijana, wengine wamekuja kuwacheka wazee. Mfalme akatoka na vazi lake la mabati na makopo ya rangi, likilia kama jiko linalohamishwa. Kicheko kikapasuka. Kisha akafungua kinywa:

*Mimi chuma nisolala,*
*mlinzi wa walolala,*
*sina mke wala mila,*
*ila nuru na safari.*

Kicheko kikakatika. Beti zikafuatana bila kukwama, na Bi Shimo akajikuta ameacha kufuatisha karatasi, anasikiliza tu kama mtu aliyelipa kiingilio.

Wakafika mwisho. Mtoto amelala kwenye kisanduku chake, nguvu za chombo zimepungua, na mtu wa chuma anapaswa kumuaga. Mfalme akanyamaza.

Hapo palikuwa na sheria. Mwigizaji akisahau, hugonga ubao kwa kisigino, na mnong'onezi humpa neno. Asipogonga, kimya ni chake, amekitaka mwenyewe, na mnong'onezi hana ruhusa ya kukigusa. Bi Shimo hakuwahi kukigusa kimya cha mtu. Akatazama kisigino cha mumewe. Hakikugonga. Lakini vidole vya mguu vilikuwa vinajikunja, vinashika ubao kama vya mtu aliye juu ya ukuta.

Pazia la pembeni likatikisika. Shemeji alikuwa anachungulia.

Bi Shimo akavunja sheria. Akanong'ona neno la kwanza, akalirudia. Mabati yakalia, na uso wa Mfalme ukashuka hadi kidirishani. Alimtazama mkewe machoni, na macho yale hayakumjua. Akauliza kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia:

*Ni nani huko gizani,*
*aniitaye shimoni?*
*Sauti naibaini,*
*uso wake ni wa siri.*

Ubeti huo haukuwa kwenye karatasi. Haukuwa mchezo pia. Alikuwa anauliza kweli.

Angefanya nini? Akinyamaza, mumewe anaaibika. Akimwita kwa jina, anaaibika zaidi. Bi Shimo, ambaye hakuwahi kutamka neno la kusikika na watu, akajibu kwa sauti yake yote:

*Mimi ndicho chombo chako,*
*nibebaye mwili wako,*
*usiku mchana niko*
*chini yako, msafiri.*

Vidole vya mguu vikalegea.

"Je, mtoto atafika?" akauliza Mfalme.

"Mwana amekwishafika."

"Nami sasa nitashuka?"

"Tua ulichokishika," akasema Bi Shimo, akaongeza, "lala, usihofu shari."

Mfalme akalala chini taratibu, mabati na yote. Taa zikazimwa. Ukumbi haukupiga makofi mara moja. Kwanza zilisikika pua zikivutwa, hata za wale waliokuja kucheka.

Shemeji, macho mekundu, alimkuta Bi Shimo chumba cha mavazi.

"Mliificha wapi ile, shemeji? Chombo kusema! Kesho tuirudie vilevile, neno kwa neno. Vazi ni la kaka mpaka afe."

Alichokitamani Bi Shimo kikawa mkononi mwake. Akamtazama mumewe, aliyekaa kwenye kiti na fulana, akichunguza kucha zake.

"Kesho mpe muuza tiketi," akasema.

"Una wazimu? Hukusikia makofi?"

"Nilisikia. Wewe ulikuwa pembeni, hukumwona macho. Aliogopa, shemeji. Hakuwa anaigiza. Alinitazama miye mkewe akaogopa, na watu wakaona ni mchezo mzuri. Siwezi kumwogopesha kila alasiri ili watu walie."

 Shemeji akasogea akamshika kaka yake bega, akatoka bila utani wowote.

Bi Shimo akachukua koti. Mfalme akalirudisha nyuma kwa mkono, kwa adabu, kama ambavyo mtu hukataa kuvishwa na mgeni. Basi Bi Shimo akaanza kwa njia nyingine:

"Leta mkono wa kwanza, koti lako ninaanza..."

Mkono ukanyooka. Lakini kina cha tatu kikamkimbia, maana alikuwa amechoka. Akabaki ameshika koti, anatafuta. Mfalme akamsubiri, akaona hana, akamsaidia:

"Mbona mbio, waniponza?"

Bi Shimo akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho, akamfunga kifungo cha juu.

"Twende nyumbani, tayari."

Akamshika mkono, naye akafuata.