Maji ya Pipa la Bluu

Ajali haina kinga, watu husema, na wengi husema hivyo kwa uvivu. Mwalimu Kailemia wa Githongo hakuwa wa kundi hilo. Sebuleni kwake, katika baridi ya mashamba ya kahawa, mbali kabisa na pwani, alifuga kipande cha bahari: tangi la kioo lenye matumbawe hai, uduvi wawili na samaki sita wa rangi. Kila mtambo ulikuwa na mwenzake wa akiba. Pampu mbili, hita mbili, betri ya kushika stima ikipotea, na nyuma ya jikoni pipa la bluu lililojaa maji aliyoyachanganya na chumvi ya bahari, yakingoja siku mbaya. Maagizo aliyabandika ukutani kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Moyo wake tu ndio uliokosa akiba. Ulimwangusha mwezi wa kumi, akiwa na miaka arobaini na saba. Hospitalini alibakiwa na nguvu za maneno machache, na mawili kati ya hayo alimpa mkewe, Kathure: "Usiwaache wafe."

Kathure hakuwahi kuwapenda wale viumbe. Lakini tangu mazishi alikuwa akiwalisha kabla hajaonja chai, kisha anasimama mbele ya kioo mpaka miguu ife ganzi. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza. Pale tu ndipo kazi ya mumewe ilikuwa bado inaendelea. Wakifa hawa, aliwaza, ndipo nitakuwa mjane kweli.

Jumanne ya pili baada ya mazishi, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, stima ikapotea. Betri ikashika papo hapo. Kathure akajiona fundi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akasikia maji yakidondoka kwenye zulia. Gundi ya kona moja ya tangi ilikuwa imeachia.

Akaisoma karatasi ya ukutani kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. Tangi likivuja, punguza maji mpaka chini ya ufa. Kausha. Ziba kwa gundi iliyo kwenye droo. Ikishika, jaza kutoka pipa la bluu. Pima chumvi kwanza.

Alifuata yote hadi kwenye hilo la mwisho. Kipimo kilikuwa pale pale kwenye droo. Akakishika, akakirudisha. Maji yale aliyachanganya Kailemia kwa mkono wake, wiki moja kabla ya kuanguka. Kuyapima alikuona ni kumshuku marehemu. Mapenzi ndivyo yalivyo, humfanya mtu mwenye akili zake awe mjinga na ajisifu kwa hilo. Akajaza ndoo kwa ndoo, tangi likarudi kujaa.

Uduvi walitangulia. Kufikia saa nane matumbawe yalikuwa yakitoa ute mweupe, na samaki wakatweta juu ya maji, wakalala ubavu mmoja mmoja. Kathure alirudia karatasi mara tatu. Mitambo yote ilikuwa inafanya kazi, na pampu ikawazungusha wafu polepole. Ndipo alipokimbilia kwenye pipa, akachovya kidole katika maji yaliyobaki, akakilamba. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Yalikuwa maji ya bomba, na kwa mbali yalinuka sabuni.

Alikuwa bado ameinama pale mama mkwe wake, Kajuju, alipoingia kwa mlango wa nyuma na kikapu cha viazi.

"Umefikia hiyo pipa?" akasema, karibu kwa fahari. "Hiyo niliosha mimi mwenyewe, siku ya kuzika. Maji ya ndani ilikuwa imeharibika, chumvi tupu. Wamama wakaniambia, keti chini, wewe ndiye umefiwa. Nikakataa. Nikaimwaga, nikasugua na sabuni, nikajaza maji safi. Watu walikunywa chai ya hiyo maji. Sikuwa na kitu ingine ya kumfanyia mtoto wangu."

Kajuju akapita hadi sebuleni. Akapiga ukemi.

"Wote? Kathure, wamekufa wote? Umefanya nini? Kailemia aliandika kila kitu hapo kwa ukuta! Kitu moja tu alikuachia, na wewe umeua!"

Kathure akamfuata, hasira ikimpanda. Alikuwa na jibu, fupi na la kweli, na lingemfunga mdomo mwanamke huyu mpaka siku ya kufa kwake. Akaufungua mdomo alitoe. Kajuju alikuwa amekibandika kiganja kwenye kioo, anawahesabu samaki mmoja mmoja, anakosea, anaanza upya.

"Sikupima chumvi, Mama," Kathure akasema. "Ilikuwa imeandikwa nipime. Sikupima."

"Na ulikuwa na mikono!"

"Nilikuwa nayo."

Kajuju akajifuta uso kwa leso. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini na kavu.

"Kaburi ya Kailemia iko kwa shamba yangu. Usikanyage huko tena."

Kathure akashika ukingo wa meza.

"Sawa, Mama," akasema.