Persimoni za Mathayo

Mume wangu Mathayo alinunua mche wa persimoni kwa mtu aliyetoka nao Lushoto, akaupanda nyuma ya jiko. Miaka saba niliumwagia maji ya kuoshea vyombo, na kijiji chetu kizima cha Ulemo kikatucheka kwamba tunafuga mti tasa. Mwaka huu, mwezi wa tano, ukazaa matunda sita, ya rangi ya chungwa, umbo la nyanya. Mwaka huu huu koo la Mathayo likaziba kwa saratani.

Hakuweza kumeza kitu ila uji mwepesi. Persimoni ya aina yetu ikiwa ngumu inakakasa ulimi kama ndizi mbichi, lakini ikilainika inakuwa rojo tamu, haihitaji meno. Alichotaka duniani kilikuwa hicho tu, kijiko kimoja kabla hajafa.

Nikayachuma, nikayafukia kwenye kilindo, lile pipa la gome tunalowekea mtama, kama tunavyofukia ndizi ziive kwa joto la nafaka. Kisha nikampeleka hospitali Kiomboi. Tulikaa wiki mbili, wakaturudisha nyumbani.

Nilipofunua kilindo, harufu ya dawa ya wadudu ikanipiga puani. Nikamwita Belinda, mke wa mwanangu Elisha.

"Mama, niliona mmechelewa, fukusi wataingia," akasema. "Nikaumwaga mtama, nikautia dawa. Matunda ya baba nikayarudisha mlemle, nilijua mmeyatunza."

Wema wake ndio ulioniponza, na hata kumgombeza sikuweza. Matunda yalikuwa yamelainika vizuri mno, maganda yamepasuka, unga wa dawa umezama ndani. Nikaosha moja, nikanusa. Nikaosha la pili. Yote sita nikayatumbukiza chooni, watoto wasije wakaokota, nikalia humo humo kwa hasira, maana kuna siku Mungu naye ananiudhi.

Mathayo akaita kutoka kitandani. "Mama Elisha, yamelainika?"

"Bado magumu," nikasema.

"Basi tungoje. Usiyaharakishe, utayaharibu."

Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi nikamdanganya. Siku ya tano akanishika mkono.

"Niletee hilo hilo gumu," akasema. "Nilishike tu."

Nikatoka kama ninayekwenda kulichukua. Nilisimama nyuma ya jiko nikitafuta uongo mwingine, na nilikawia, kwa kuwa sikuwa na la kumpelekea. Niliporudi alikuwa ameshakufa, peke yake.