Mtoto wa Kupakatwa

Usiku wa jana niliota nimekuwa mama. Sikukiomba cheo hicho. Fomu ya safari ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza, "Mama wa mtoto", na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilipoandika jina langu, Gwakisa, mtu wa kaunta alisimama kwa heshima akasema, "Karibu, Mama Lugano."

Lugano ni mtoto wa dada yangu Tumpe. Siku hiyo ya ndoto alikuwa anatimiza miaka miwili, tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam, na alikuwa amevaa soksi moja. Ya pili alikuwa anaila. Dada mwenyewe hakuwepo. Nilipouliza yuko wapi, niliambiwa amekwenda kulala, na kwamba ruhusa hiyo aliiomba tangu siku aliyojifungua, ila imejibiwa leo.

Mashine ya ukaguzi ilinitazama mimi na mifuko yangu saba, ikasoma sheria kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Kompyuta mpakato zote zitolewe mifukoni, zipite zenyewe kwenye trei.

"Sina kompyuta," nikasema.

"Huyo unampakata?"

"Nampakata."

"Trei."

Nikamlaza Lugano kwenye trei, kati ya mkanda wangu na kiatu. Akapita huku akipunga mkono. Kwenye skrini tuliona vilivyomo ndani yake: uji wa asubuhi, nusu soksi, na kilio cha saa mbili kilichokunjwa vizuri, hakijatumika. Mashine ilisema kilio kinaruhusiwa, mradi kisifunguliwe hadi tuwe ndani ya ndege.

Nilipanda ngazi za ndege nikajikuta bwenini kwetu shuleni. Vitanda vya deka ni vilevile, viwili viwili, juu na chini, ila sasa vina mikanda, na dirishani yanapita mawingu. Nafasi zote zimejaa, isipokuwa yangu. Abiria wananitazama kama tunavyomtazama mtu aliyeingia foleni ya maharage na sahani mbili.

Nakaa. Nampakata Lugano kwenye paja la kushoto, la kulia limebeba mifuko. Ndege inapaa, na kilio kinafunguliwa.

Najaribu kila kitu. Namwimbia wimbo wa shule, beti zote tatu. Namwonyesha sura ya mwalimu wa nidhamu, ileile iliyonipatia adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima kwa kosa la kuiga vizuri mno. Analia. Naliuliza sikio lake la kulia shida ni nini. Linajibu kwa unyonge kwamba limeziba, halijasikia swali.

Mama mmoja wa kiti cha mbele anageuka na kunishauri nimnyonyeshe. Namweleza kwamba mimi ni mvulana wa kidato cha pili. Anasema hata yeye alianza hivyohivyo na visingizio.

Ndipo likaja toroli la chai. Lilikuwa limevaa kofia ya mkaguzi, linajisukuma lenyewe, na kifuani lilikuwa na saa. Lilitaka kadi ya kliniki. Nikalikabidhi. Likasoma: kuzaliwa, tarehe ya leo, miaka miwili iliyopita, saa 10.

"Mtoto wa kupakatwa ni yule ambaye hajatimiza miaka miwili," likasema. "Ikifika saa kumi kamili, mapaja yako yatamkataa. Atahitaji kiti."

"Viti vimejaa."

"Basi atashuka."

"Wapi?"

Toroli likachungulia dirishani. "Kuna wingu zuri linakuja."

Saa yake ilionyesha 9:50. Nilihisi paja langu la kushoto linaanza kuteleza kama sabuni. Lugano akaacha kulia. Akanishika kola kwa ngumi zote mbili. Nimewahi kuogopa matokeo ya hisabati, nimewahi kuogopa nyoka chooni, lakini woga huu ulikuwa mwingine. Ulikuwa na kilo kumi na mbili na ulinuka maziwa.

Nikaisoma kadi upya. Saa 10. Nikakumbuka kwamba siku aliyozaliwa nilipitia hospitali nikitoka shule ya msingi, nimevaa sare, jua limeshapunguza ukali, nikanunuliwa muhindi wa kuchoma ili nisisumbue. Nesi aliyeijaza kadi ni mtu wa kwetu, anahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa kumi yake ni ya jioni. Toroli, kama ndege zote, linahesabu tangu usiku wa manane, na saa kumi yake ni ile ambayo bibi yangu huiita saa nne asubuhi. Kati ya saa kumi hizo mbili kuna saa sita nzima, na Dar tulikuwa tunatua muda si mrefu.

Nikalieleza hayo yote kwa adabu. Toroli lilisikiliza hadi mwisho.

"Anayempakata hawezi kuwa shahidi," likasema. "Lete mwingine aliyekuwepo."

Mwingine aliyekuwepo alikuwa mmoja tu. Alikaa safu ya nyuma, dirishani, na sweta ya shule yetu na spika kubwa za masikioni. Nilimtambua mara moja kwa kuwa alikuwa mimi. Mimi wa Desemba iliyopita, tuliposafiri na dada Tumpe, Lugano akalia tangu kupaa hadi kutua. Dada alinitazama ili nimpokee, nami nikahamia safu ya nyuma. Abiria mmoja aliponiuliza kama wale ni ndugu zangu, nilisema siwajui. Shule zilipofunguliwa nilikisimulia kisa hicho bwenini, na kilichekwa sana.

Namsogelea na mtoto wangu anayeteleza. Namwomba amwambie mkaguzi Lugano alizaliwa saa ngapi.

"Siwajui hawa," anasema.

Saa inaonyesha 9:57. Sikumgombeza. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo, na nilikuwa mimi. Nilimwambia tu kwamba mkono umekufa ganzi hadi begani, na kwamba mkono wa dada ulikuwa hivi Desemba, safari nzima, huku mtu wa kumpokea akiwa safu tatu nyuma anasikiliza muziki.

Saa 9:59 wingu likabisha hodi dirishani, likauliza kama ni yule mwenye soksi moja.

Kijana akalitazama wingu. Akamtazama Lugano, ambaye sasa alikuwa amebaki kwenye goti tu. Akatoa spika ya sikio moja, kisha ya pili.

"Namjua," akasema. "Ni mtoto wa dada yangu. Alizaliwa saa kumi jioni. Nilikuwa nakula muhindi."

"Wa kuchoma?" toroli likauliza.

"Wa kuchoma. Na pilipili na ndimu."

Toroli likaandika, likapiga muhuri, likanimiminia chai iliyopoa na kuendelea na kazi zake. Wingu likasema hakuna neno, litapitia siku nyingine. Paja langu likakaza, likawa paja tena. Kijana akanyoosha mikono miwili.

"Nikupokee kidogo, Mama Lugano, upumzike."

Sikuweza kumpa. Lugano alikuwa ameshalala, na wazazi wote wa ndege ile walikuwa wameweka kidole mdomoni, wakinionya kwa macho nisithubutu hata kupumua. Kwa hiyo kijana aliketi sakafuni kando yangu, akanishikia chai. Tulikaa hivyo hadi magurudumu yalipogusa ardhi, na yalipoigusa yalitoa mlio wa kengele ya kuamka.

Nikaamka. Mkono wa kushoto ulikuwa na ganzi. Kaptula ilikuwa imelowa, paja la kushoto tu, duara dogo lisilozidi kisahani cha kikombe.

Hezron, anayelala deka ya chini, alikuwa wa kwanza kuliona, na aliita mashahidi kwa furaha ya mtu aliyesubiri tangu kidato cha kwanza. Wakakagua godoro. Kavu. Shuka, kavu. Paja la kulia, kavu. Hezron akainama, akanusa, akakunja uso. Akatangaza kwa masikitiko kwamba huo si mkojo wa mtu mzima, unanuka maziwa.

"Sasa nani huyu aliyekukojolea?" akauliza.

Bweni zima likasogea karibu. Ningeweza kabisa kusema simjui.

"Namjua," nikasema. "Ni mtoto wa dada yangu."